Binti Yetu na Hisabati ya Chuo Kikuu

Kila turejeapo Mombasa, jamaa hutuuliza binti yetu asomea nini Nairobi. Tukijibu hisabati, hufuata swali la pili: ataajiriwa wapi? Sisi tukaao Makongeni, jirani na Eneo la Viwanda, twaandika tuliyoyaona, kwani huenda yuko msichana mwenye A ya hesabu anayeshawishiwa kuiacha.

A hiyo haimkingi mtu. Katika kidato cha nne mwanafunzi hupewa kanuni, akaweka tarakimu, akapata jibu. Chuoni huambiwa athibitishe. Binti yetu alikesha juu ya swali moja, malori ya viwandani yakinguruma nje, na daftarini hamna tarakimu: ni “ikiwa”, “basi”, “kwa kila”. Mtihani wa kwanza alipata 43 kwa 100. Darasani wasichana walikuwa wachache, na mhadhiri mmoja akawaambia kuwa hawadumu.

Ramadhani hiyo alileta fomu ya kuhamia kozi ya biashara. Baba yake, atokaye shifti ya usiku kiwandani, hakumkataza. Alimpa swali la mirathi alilolijua tangu chuoni kwa maalimu: mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama. Mume ana 1/2, dada wana 2/3. Jumla ni 7/6, mali haitoshi! Mafakihi, tangu zama za Sayyidna Umar (r.a.), waliigawa kwa mafungu 7: mume 3, dada 4. Hiyo ndiyo auli.

Binti akasema uwiano wa 3 kwa 4 ni ule ule wa 1/2 kwa 2/3, hakuna aliyedhulumiwa. Kisha akakaa hadi daku akithibitisha kuwa ndivyo ilivyo katika kila auli, si katika hiyo moja. Ndiye aliyetufahamisha kuwa al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha al-jabr kilichoandikwa Baghdad karne ya 9, alitenga sehemu kubwa kwa wasia na mirathi.

Kuhusu ajira: kuna ualimu, takwimu, benki, na tangu 2008 nchi hii ina benki zifuatazo sharia, nazo zahitaji wajuzi wa hesabu. Bima ina maswali yake. Hayo tuwaachie masheikh.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Husoma na wenzake wanne, kwa kuwa somo hili halisomeki peke yako. Fomu ya kuhama ingali kabatini, haijajazwa.