Kasanga: Soko liko kiganjani, namba ya siri iko kwa mtoto

Gari la asubuhi kutoka Sumbawanga hujaa abiria waliovaa makoti. Mji huo uko juu, kwenye uwanda wa Ufipa, na baridi yake inajulikana nchi nzima. Likishapita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, barabara huanza kuteremka kuelekea ziwani na makoti huanza kuvuliwa moja baada ya jingine. Hadi kufika Kasanga, karibu meta 1,000 chini ya Sumbawanga, kila mtu anatoka jasho na harufu ya dagaa imeshawapokea.

Safari hii, mmoja wa abiria alikuwa mshauri wa biashara kutoka Dar es Salaam, baba wa watoto wawili. Kazi yake ni kufundisha wafanyabiashara wadogo kuuza bidhaa kwa simu. Alikuwa na kompyuta, makaratasi na somo la siku tatu alilokuwa ameliandaa vizuri. Somo lenyewe halikufika mwisho.

Bandari ya tangu zamani

Kasanga iko kusini mwa Ziwa Tanganyika, jirani na Zambia, na ng'ambo ya maji ni Congo. Wajerumani walijenga boma hapa na kupaita Bismarckburg, jina la kansela wao. Juni 1916 Waingereza wakapateka.

Kwa miongo mingi, mgeni aliyesubiriwa hapa alikuwa meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini. Ndiyo iliyobeba watu na mizigo kati ya Kigoma, Kasanga na Mpulungu. Aliyetaka habari za soko la mbali aliwauliza walioshuka melini.

Leo anauliza kwa simu huku akigeuza dagaa juani.

"Usikanyage dagaa"

Mshauri alimkuta mama mmoja mchuuzi pembeni ya kichanja, kanga kiunoni, simu imefungwa kwenye ncha ya kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Ila usikanyage dagaa."

Alipomweleza kwamba amekuja kufundisha biashara ya mtandaoni, mama alicheka. Yeye hupiga picha dagaa wakishakauka, huituma kwenye kundi la WhatsApp la wateja wake wa Sumbawanga, Mbeya na Dar es Salaam, hupokea malipo kwa simu, kisha hupakia mzigo kwenye gari na kumtumia mteja namba ya kondakta. Biashara ya mtandaoni alikuwa akiifanya tayari. Hakuwa tu ameipa jina hilo.

Chini ya kila picha aliandika "dagaa wa Kigoma". Kwa nini, na hawa ni wa Kasanga? Mama akamjibu kwamba mjini hakuna anayeulizia dagaa wa Kasanga. Ziwa ni moja, samaki ni yuleyule, lakini jina lenye soko ni la Kigoma. Mshauri alimshauri aandike ukweli, Kasanga, na aweke picha ya kichanja, ili mteja aone kwamba dagaa wake hawakuanikwa mchangani. Mama alisema atajaribu kwa wateja wawili kwanza.

Kuna mambo ambayo simu haiwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa na mitumbwi hupumzika. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo simu iliita na kichanja kilikuwa kitupu.

Magunia mawili

Ndipo mama akasimulia habari iliyobadilisha somo zima.

Anayesoma ujumbe kwenye simu yake ni binti yake wa darasa la sita. Ndiye anayejibu wateja, ndiye anayejua namba ya siri, na ndiye anayeamshwa alfajiri mitumbwi inaporudi ili atangaze mzigo. Siku moja uliingia ujumbe ulioonekana kama wa muamala: umepokea fedha kutoka kwa fulani. Binti akausoma kwa sauti. Mama akapakia magunia mawili.

Jioni, salio lilikuwa lilelile. Ujumbe ulikuwa umetungwa na tapeli. Mama anasema fedha ziliuma, lakini kilichomuumiza zaidi ni kwamba binti alikataa kula, akiamini amekosea kusoma na kuitia familia hasara.

Mshauri alieleza kanuni ambayo kila mwenye simu anapaswa kuishika: usiamini ujumbe, angalia salio. Kisha akauliza, kwa upole, kama mama aliwahi kusoma shule.

Mama alimaliza darasa la saba. Kusoma anajua. Ila kwa miaka michache sasa, herufi za simu zimekuwa ukungu.

Mshauri alivua miwani yake ya kusomea na kumpa. Mama akaivaa, akasogeza simu, na kusoma ujumbe wa mteja wa Mbeya kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, watu wote wakisikia.

Si uzembe, ni umri

Baada ya umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake, na kuona vitu vya karibu huwa kazi. Humpata karibu kila mtu, na mara nyingi miwani ya kusomea hutosha. Hata hivyo, miwani ya kuazima si kipimo. Ukungu machoni unaweza pia kuletwa na mtoto wa jicho au kisukari, kwa hiyo ni vyema kwenda kupimwa.

Katika nyumba nyingi, mtoto hugeuka karani wa mzazi bila mtu kupanga iwe hivyo. Anasoma miamala, anajua namba ya siri, anakosa usingizi, na siku mambo yakiharibika anabeba lawama kimoyomoyo. Kabla ya kumpa kazi hiyo, jiulize kama anakusaidia au ameachiwa mzigo wako.

Usiku ule mshauri alipiga simu nyumbani. Mwanawe wa miaka minne alimjibu bila kuinua macho, kwani alikuwa akitazama katuni kwenye simu nyingine, ambayo baba mwenyewe aliiacha ili mtoto atulie. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri huo asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo. Mshauri alikuwa akiijua hiyo saa moja. Hakuwa amewahi kuihesabu.

Asubuhi ya kuondoka, alimsindikiza mama kwa wakala kubadilisha namba ya siri. Mama alivaa miwani ya kuazima, akawaomba wote wageuke nyuma, wakala, mshauri na binti yake pia.

Binti aligeuka, akaomba ruhusa, akakimbilia shule.