Picha ya Krismasi

Wadau, kwetu Mbulu Krismasi ina mambo matatu: ibada, mbuzi na picha. Mbuzi na ibada mnavijua, kwa hiyo leo naongelea picha.

Nilipokuwa mdogo mpiga picha alikuja kwa miguu, kamera shingoni, viatu vimejaa tope maana Desemba kule ni mvua na baridi ya masweta. Alikuwa na mkanda mmoja wa picha 36 na nyumba kibao zinamsubiri, kwa hiyo habari ya kurudia haikuwepo. Ukifumba macho ndiyo umefumba hadi mwakani. Unatoa kianzio, yeye anapeleka mkanda mjini kusafishwa, picha inafika Februari. Au haifiki, na jamaa humwoni tena.

Basi bwana, kupanga watu ilikuwa kazi kuliko kupiga. Bibi kwenye kiti katikati, wazee kulia na kushoto, watoto chini kwenye majani, akina shangazi nyuma na vitenge vyao vya kanisani. Halafu kila mtu ananuna! Sijui nani aliwaambia wazee wetu kwamba picha ni jambo la kununa, lakini ukiangalia picha zote za ukutani kwa bibi utadhani tulikuwa msibani.

Isipokuwa ile ya 2009. Mume wa shangazi yangu, wale wanaoishi Katesh, alikuwa amembeba binti yake mdogo, na yule mtoto kabla tu ya kamera kulia akamshika baba yake kidevu. Mzee akacheka. Ukoo mzima umenuna, yeye peke yake meno nje, nusu ya kidevu imefichwa na kiganja cha mtoto.

Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh mjini, vikapita Gendabi, Jorodom na vijiji vingine. Mwanzoni watu walisema ni volkano, na mimi nilipokea simu za namna hiyo chumba cha habari kutwa nzima, mpaka serikali ilipoeleza kwamba miamba laini ilinyonya maji ikazidiwa. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mume wa shangazi alikuwa mmoja wao.

Kuna kitu hakiandikwi kwenye habari za maafa, na mimi sikuwahi kukiwaza mpaka siku ile. Mazishi yanahitaji picha. Ile ya kuwekwa mbele ya jeneza, ile anayoibeba mtoto au mjukuu msafara ukielekea kaburini. Shangazi hakuwa nayo. Albamu, fremu, vitambulisho, picha za harusi, vyote vilikuwa chini ya tope pamoja na simu ya marehemu. Binamu mmoja akakumbuka ukuta wa bibi Mbulu. Akapiga picha ile ya 2009 kwa simu, akaituma, ikakuzwa na kuchapishwa Babati maana Katesh hapakuwa na hali ya kufanya lolote.

Kijana wa studio akauliza kama aufute ule mkono wa mtoto kwa kompyuta, ni kazi ya dakika kumi tu. Shangazi akakataa. Akasema, "Huo mkono ni wa kwake." Basi mzee akazikwa na picha ya kucheka, kiganja kidevuni, na mwenye kiganja, sasa msichana mkubwa wa sekondari, ndiye aliyeibeba.

Krismasi ya 2024 tukakutana tena Mbulu. Kamera za simu ziko nane uani, kila mtu anapiga, kila mtu anatuma kwenye kundi la ukoo. Shangazi akasubiri tumalize kula, akasema mwaka huu anataka za karatasi, na kila nyumba ichukue nakala: moja Mbulu, moja Haydom, moja Katesh, moja Arusha, moja Dar. Hakueleza kwa nini zisikae nyumba moja. Halafu akaongeza kwamba kila mtu mzima apigwe na ya peke yake, kifua hadi kichwa, amekaa vizuri.

Hapo kukawa kimya, jamani. Kila mtu alijua ni za nini.

Bibi ndiye aliyeanza. Alivuta kiti, akafunga kitambaa upya, akasema, "Piga, mjukuu wangu, na nionekane sijapauka." Wengine wakafuata, wengine wakicheka kicheko kile cha kuficha jambo. Baba mdogo akagoma. Akasema huo ni uchuro, mtu hajiandalii msiba wake siku ya Krismasi, akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe. Shangazi hakubishana naye.

Jioni, watu wameshaingia ndani kuota moto, nikamwona anakuja amevaa koti la suti juu ya sweta. Akaketi kwenye kile kile kiti cha bibi, akafunga kifungo cha juu.

"Haraka," akaniambia. "Na shangazi yako usimwambie kwamba nilicheka."