Kijana akitoboa ekzosi, mzazi aanzie wapi?

Wazazi wengi wenye vijana wa bodaboda wanaujua ugomvi huu. Pikipiki inatoka asubuhi na sauti yake ya kawaida, jioni inarudi mtaa mzima unaisikia. Ekzosi imetobolewa, na mara nyingi chujio la hewa nalo limeng'olewa, kwa maelezo kwamba sasa injini inapumua.

Katika kaya moja ya Itetemia, Tabora, ugomvi huo nusura uvunje nyumba. Kijana wa miaka 22 anaendesha pikipiki ya mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, na mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake. Ilibaki miezi 5. Mama yake alichosikia ni kelele tu, tena usiku, mjukuu mchanga akishtuka usingizini. Akamwita mhuni. Kijana akahamia geto kwa mwenzake, na hela ya matumizi aliyokuwa akimwachia mama ikakoma.

Aliyemrudisha ni mjomba wake, fundi mstaafu wa reli. Hakugusa habari ya kelele.

"Mjomba, hebu fungua plagi tuione," alimwambia.

Plagi ilikuwa nyeupe. Kisha akapitisha kidole kwenye mdomo wa kabureta, kikatoka na vumbi.

Hapo ndipo alipoeleza. Kabureta imepimiwa hewa na mafuta. Hewa ikizidi na mafuta yakabaki yaleyale, injini inachemka kupita kiasi, ndiyo maana plagi inakuwa nyeupe. Vumbi la kiangazi nalo linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi. Injini inaanza kula oili, inatoa moshi wa bluu, mwisho inafunguliwa kwa gharama ya dereva. Na hesabu haisubiri.

"Mbona Wamarekani wanabadilisha kwenye Harley-Davidson?" kijana aliuliza. Ameona video.

Mjomba hakumcheka. Wale wanaojua kazi hawaachi injini bila chujio. Wanafunga jingine linalopitisha hewa zaidi lakini bado linazuia vumbi, na wakibadilisha ekzosi wanarekebisha na mafuta yaendane nayo. Kutoboa na kung'oa ni kitu kingine. Halafu kuna masikio: wataalamu wa afya kazini hutaja desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka. Ekzosi iliyotobolewa inaweza kuuvuka, na dereva anashinda nayo kutwa.

Mama alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Akauliza swali ambalo hakuwahi kuuliza: kwa nini uliitoboa?

"Kijiweni tuko wengi, mama. Abiria wangu wakisikia ile sauti wanajua ni mimi, wanatoka nje."

Chujio lilirudishwa siku hiyohiyo. Ekzosi bado, anasema ataishughulikia akipata hela. Ila akirudi usiku anazima injini kwenye miembe na kuisukuma pikipiki hadi mlangoni, mtoto asiamke. Hela ya matumizi imerudi, na neno mhuni halijasikika tena katika nyumba ile.

Mzazi, wewe unaumizwa na kelele. Yeye ataumizwa na injini ikifa kabla mkataba haujaisha. Anza na injini, na umuulize sababu kabla hujamwita jina.