Sista Anuarite na Usiku wa Isiro

Kamina ni mji wa reli. Njia itokayo Lubumbashi hufika pale, kisha hugawanyika: moja huenda Ilebo, kwenye mto Kasai, na nyingine huenda Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika. Karibu na mji upo uwanja mkubwa wa ndege, ambao Wabelgiji waliujenga baada ya Vita Kuu ya Pili. Mtoto wa Sanga akisikia jina la Isiro ataona ni mahali pa mbali sana, huko kaskazini penye misitu mikubwa. Lakini habari hii ya Isiro inaanzia karibu na kwao, katika uwanja ule wa Kamina.

Mwezi wa Novemba 1964 ndege za Marekani zilitua pale, zimechukua askari wa Ubelgiji. Kongo ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru, nayo ilikuwa katika taabu kubwa. Waasi walioitwa Simba walikuwa wameshika sehemu kubwa ya mashariki ya nchi. Waliwafunga wageni, na Wakongo wengi mno waliuawa. Alfajiri ya tarehe 24 askari wale waliruka kutoka ndegeni juu ya mji wa Stanleyville, ambao leo huitwa Kisangani. Tarehe 26 waliruka tena juu ya mji wa Paulis, na mji huo ndio Isiro. Waliwaokoa watu wengi. Kesho yake wakapanda ndege, wakaenda zao.

Siku ile ile ya tarehe 26, katika mji wa Wamba, Askofu Wittebols aliuawa. Basi hali ya nchi ile ilikuwa hivi: askari wamekwenda, mchungaji amekufa, na Simba wamerudi wenye hasira. Katika msitu wa Bafwabaka, katikati ya mambo hayo yote, walikuwapo masista Waafrika wa shirika la Jamaa Takatifu. Hawakuwa na bunduki wala ndege. Mmoja wao alikuwa Sista Marie-Clémentine Anuarite, msichana ambaye hajatimiza bado miaka 25.

Alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939. Wazazi wake walimwita Nengapeta, maana yake, mali hudanganya. Jina la Anuarite lilikuwa la dada yake. Siku alipopelekwa shuleni, sista aliyeandika majina alikosea, akamwandikia jina la dada. Kosa la kalamu likabaki, hakuna aliyelifuta.

Baba yake, Amisi, alikuwa askari, na wakati wa vita alifika hata Palestina. Mama yake, Isude, alizaa watoto sita, wote wasichana. Baba alitaka mtoto wa kiume. Mwisho akamwacha mkewe, akaoa mwingine. Watoto wengi wa Kongo wanajua jambo hili lilivyo chungu, kwa sababu wameliona nyumbani kwao. Nengapeta aliumia sana moyoni. Hata hivyo alimsamehe baba yake. Ni vizuri kulishika jambo hili, kwa maana kusamehe hakukuwa kazi ngeni kwake siku ile ya Isiro. Alikuwa ameianza zamani, nyumbani, kwa mtu aliyempenda. Na labda huko ndiko kugumu zaidi.

Alipokuwa bado msichana mdogo alitamani kuwa sista. Siku moja motokaa kubwa ilifika kuwachukua wasichana wa kwenda Bafwabaka kuanza maisha ya utawa. Yeye alipanda kwa siri pamoja nao, akaenda bila kuaga. Mama yake akamtafuta, asimwone. Baadaye ndipo akapata habari kwamba mtoto yuko kwa masista. Kuondoka bila kumwambia mama si jambo la kusifiwa, na watoto wasimwige. Lakini mama alipokwisha kujua, alimwachia.

Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri zake, na wazazi wake walikuwapo. Tangu siku hiyo kazi zake zilikuwa kazi ndogo za kila siku. Alifundisha watoto shuleni, alitengeneza mambo ya altare, alipika jikoni. Alijikaza kumpendeza Yezu peke yake katika hayo yote, hata katika sufuria na ufagio. Hakuna mtu aliyemwona akifanya jambo la ajabu.

Tarehe 29 Novemba 1964 Simba walifika Bafwabaka na motokaa. Waliwaambia masista kwamba watawapeleka Wamba ili walindwe. Masista 46, wakubwa kwa wadogo, walipandishwa wote. Lakini njiani shauri liligeuka, wakapelekwa upande wa Isiro. Usiku mmoja walilala Ibambi. Kesho yake wakiwa njiani, walisimamishwa na mkubwa mmoja wa Simba, akawaamuru wavue misalaba na kutupa rozari na medali zao. Wakanyang'anywa. Sista Anuarite alikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni mwake. Hiyo haikuonekana, akabaki nayo.

Jioni walifika Isiro, wakawekwa katika nyumba iliyoitwa Nyumba ya Buluu. Hapo taabu kubwa ilianza. Mkubwa mmoja wa Simba alimwona Sista Anuarite, akataka awe mke wake. Kanali mwingine, jina lake Olombe, alijitia katika shauri hilo ili kumlazimisha. Mama Mkubwa wa masista, Mama Kasima, alikataa. Alieleza kwamba masista wamejitoa kwa Mungu kwa nadhiri, na kwamba yeye hawezi kumtoa hata mmoja. Wakamtisha. Akakataa tena.

Watu wengine hufikiri kwamba mtu mwenye imani haogopi. Sista Anuarite aliogopa. Chakula kilipoletwa usiku ule, yeye hakuweza kula. Moyo wake ulifadhaika, akawaomba wenzake wamwombee. Masista waliokuwa pamoja naye ndio waliosimulia hayo baadaye, nao hawakumficha wala kumfanya kama mtu wa chuma. Alisema pia kwamba afadhali kufa kuliko kutenda dhambi ile. Maneno hayo mawili, la hofu na la kukataa, yalitoka katika kinywa kimoja, usiku mmoja.

Masista walipotaka kulala chumba kimoja, Kanali Olombe alirudi. Aliwachukua Sista Anuarite na Sista Bokuma, akawasukuma kuelekea motokaa yake. Sista Anuarite akakataa kupanda. Olombe alipokwenda kidogo, masista wawili wakajaribu kukimbia, lakini akawakamata, akaanza kuwapiga kwa kitako cha bunduki. Mkono wa Sista Bokuma ulivunjika, akaanguka na kuzimia. Sista Anuarite alipigwa hata nguvu zikamwishia. Katikati ya mapigo alimwambia mtu yule kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui analolitenda.

Maneno hayo alikuwa ameyasoma katika Injili mara nyingi. Ni ya Bwana wetu msalabani. Wakati ule hapakuwa na nafasi ya kutafuta maneno. Yalitoka yale yaliyokuwa tayari moyoni.

Olombe akazidi kukasirika. Akawaita vijana wake wamchome, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Masista wakamchukua, naye alikuwa bado anapumua. Akafa karibu na saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Masista wengine walibaki mikononi mwa Simba, lakini jambo lile ambalo mwenzao alilikataa hawakulikubali nao.

Alizikwa katika kaburi moja na watu wengine waliouawa. Baada ya miezi minane hivi, nchi ilipokuwa imetulia kidogo, kaburi lilifukuliwa ili azikwe kwa heshima. Ilikuwa vigumu kuwatambua wafu. Ndipo walipoiona ile sanamu ndogo ya Bikira Maria katika mfuko wa nguo yake, wakajua kuwa ni yeye. Leo mabaki yake yamo katika kanisa kuu la Isiro.

Tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Papa Yohane Paulo wa Pili alikuwa Kinshasa. Mbele ya umati mkubwa alimtangaza Sista Anuarite kuwa Mwenye Heri, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata heshima hiyo. Katika mahubiri yake Papa alisema kwamba, kama vile Sista alivyomsamehe mwuaji wake, yeye naye anamsamehe kwa moyo wote, kwa jina la Kanisa zima.

Wazazi wa Sista walikuwapo pale. Jina lililosomwa mbele ya watu lilikuwa Anuarite, lile lililoandikwa kwa kosa katika daftari la shule. Mama Isude alilisikia, yeye aliyekuwa amemzoea mtoto huyo kwa jina la Nengapeta.