Tunda la Kazi

Tangu utotoni nilifundishwa kwamba mchumia juani hulia kivulini. Basi nilipoajiriwa katika duka moja la vitambaa hapa Mombasa, nililivumilia jua nikikingoja kivuli changu.

Tajiri wetu alikuwa Mhindu mwenye asili ya Gujarati. Kila Diwali alifunga hesabu za mwaka na kufungua madaftari mapya kwa sala, nasi wafanyakazi tukipewa peremende na bahashishi. Mwaka mmoja tulipata peremende tu. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kwamba katika Bhagavad Gita, sura ya 2, Krishna anamfundisha Arjuna kuwa haki ya mtu imo katika kuitenda kazi, haimo katika matunda yake.

Niliondoka nimevimba. Moyoni nilisema: mafundisho haya yanamfaa anayelipa, hayamfai anayelipwa.

Mhasibu wetu, mzee wa Kigujarati aliyekisoma kitabu hicho kila alfajiri, aliniona. "Mwanangu," akasema, "Arjuna hakuwa kibarua, alikuwa mwana wa mfalme. Fundisho lile humfunga mwenye duka kabla ya kukufunga wewe, maana faida nayo ni tunda." Kisha akanieleza sura ya 3, ambamo anayekula neema za miungu bila kutoa chochote huhesabiwa mwizi, na anayejipikia peke yake huambiwa anakula dhambi.

Maneno hayo hayakuniongezea hata shilingi, lakini yalinigeuza. Niliacha kupima kitambaa huku moyo uko kwenye bahasha. Nilimpimia mteja yadi kamili, nikamkunjia vizuri, na jioni nikarudi nyumbani bila kinyongo. Furaha niliyokuwa nikiitazamia mwisho wa mwaka nikaikuta kazini kila asubuhi.

Hata hivyo sikuacha kudai haki yangu, ila sasa nilidai bila hasira. Kutoling'ang'ania tunda si kumwachia mwenzako alile lote.

Diwali iliyofuata, mimi na mhasibu tulimwendea tajiri. Nikamwambia, "Bwana, sura ya 2 nimeielewa. Tumekuja utufafanulie ya 3." Alicheka, kisha akanyamaza kitambo. Mwaka ule peremende zilikuja na bahashishi yake.

Ndugu msomaji, ikiwa umeajiriwa, itafakari sura ya 2. Ikiwa umeajiri, anza na ya 3.