Banda la Gari Lisilo na Gari

Tulihamia Sinza mwaka 1986, nyumba haijapigwa lipu wala kuwekwa dari. Kiwanja kilitokana na ule mradi wa miaka ya sabini, wa mkopo wa Benki ya Dunia, uliopima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Ramani ilikuwa na banda la gari ubavuni. Gari hatukuwa nalo. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye shirika la umma, na tangu msingi unachimbwa alishaamua kwamba banda lile litakuwa karakana yake.

Anayeingia Kariakoo leo na kuchagua drili anayoitaka hawezi kujua tupa moja ilikuwa na thamani gani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nchi iliishiwa fedha za kigeni. Sabuni na sukari vilipangiwa foleni, sembuse spana. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, na mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, ruksa ikawa neno la mjini. Vifaa vikaonekana, ila bei haikushikika. Baba alinunua kimoja kimoja, vingi vikiwa vimeshatumika.

Ninachomheshimia mpaka leo ni utaratibu wake. Hakuanza na mashine. Alianza na sakafu ya zege, akaipa mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji yasituame. Ikafuata meza ya mbao nene za mkongo, miguu yake imepakwa oili chafu kuzuia mchwa, nayo akaifunga ukutani kwa bolti isitikisike. Siku ya kufunga jiliwa alisimama wima, akakunja mkono, akaniambia nipime kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko.

“Mdomo wa jiliwa uishie hapo,” alisema. “Ukiwa chini utaumia mgongo, ukiwa juu utaumia mabega. Na tupa haitakwenda sawa.”

Meza aliiweka mahali ambapo mwanga wa dirisha ulimjia kwa kushoto, maana alitumia mkono wa kulia na hakutaka kivuli chake kiangukie kazi. Ukutani alichora kwa rangi nyeusi umbo la kila kifaa, kuanzia nyundo, tindo na koleo hadi msumeno wa chuma. Jioni ilikuwa zamu yetu watoto kuvipangusa kwa kitambaa chenye oili, kwa sababu hewa ya Dar es Salaam ina chumvi na kutu haikawii. Umbo lililobaki tupu lilitafutiwa kifaa chake kabla ya chakula.

Umeme ulikuwa wa fezi moja. Alipopewa nafasi ya kununua mashine ya kukerezea yenye mota ya fezi tatu aliikataa, ingawa niliona alivyoitamani. Ya kuchomelea aliipata, baada ya kuchimbia fimbo ya shaba ya ethi. Ilipowaka, taa za majirani zilififia. Akapita nyumba kwa nyumba, akawaamkia wazee, wakakubaliana: mwisho saa kumi na mbili jioni, watu wapike na wasikilize taarifa ya habari ya saa mbili kwa utulivu.

Kazi ya kwanza ilikuwa geti la mmoja wao. Nondo za madirisha yetu Mama alizidai miezi mingi, akazipata baada ya wateja. Mshahara wa shirika uliishia kwenye unga na nauli. Ada zetu za sekondari, mimi na dada zangu, zilitoka kwenye banda lile.