Bawabu Alalaye Nje: Katika Makambi ya Magari ya Nyumba, Florida

Ndugu msomaji, rasi ya Florida, nchini Marekani, imezungukwa na bahari pande tatu. Katika majira yake ya joto, tangu Juni hadi Septemba, pepo za bahari huingia kutoka mashariki na kutoka magharibi, zikakutana bara, kati ya miji ya Tampa na Orlando. Hewa yenye joto na unyevu hupanda, mawingu hujikusanya, na alasiri baada ya alasiri radi huipasua anga.

Katika nchi hiyo hiyo yamejaa makambi ya magari ya nyumba. Gari la namna hiyo lina vitanda, jiko, jokofu na choo. Wazee waliostaafu hulitumia kuikimbia theluji ya Michigan na Kanada. Wengine huishi humo mwaka mzima. Kila gari lina kiwanja chake, na kila kiwanja kina nguzo fupi yenye soketi ya umeme, ya ampea 30, au ya ampea 50 kwa magari makubwa. Kati ya soketi na waya wa gari huchomekwa kijisanduku cha kukinga umeme. Hicho ndicho bawabu wa nyumba.

Ndani yake mna vidonge vya oksidi ya zinki. Umeme ukipanda ghafla, vidonge hivyo huufungulia njia ya kando usiingie garini. Lakini kila pigo huvipunguzia nguvu, mpaka siku moja vikaisha kabisa. Kwa hiyo taa za kikinga hazina budi kutazamwa mara kwa mara. Vikinga vilivyo bora huichunguza pia soketi: waya wa ardhi ukikosekana, hukataa kupitisha umeme.

Usilidharau jambo hilo, ndugu msomaji. Waya wa ardhi ukikatika, hitilafu ndogo yaweza kulitia umeme bati zima la gari. Mtoto atokaye kucheza, miguu mitupu juu ya nyasi zilizolowa, akishika kitasa cha mlango, umeme hupita mwilini mwake. Hapo hatusemi tena juu ya jokofu kuungua, bali juu ya uhai.

Nao bawabu huyu hulala nje. Mvua hupenya kwenye maungio, chumvi ya bahari huyala meno ya plagi, jua huipasua plastiki, na sisimizi wakali wa Florida hupenda kujenga ndani ya masanduku ya umeme. Meno yakishika kutu hayagusani vema. Hupata moto, na plagi huyeyuka.

Wako wanaodhani dawa ni kukifunga kikinga kabisa ndani ya mfuko wa plastiki. Sivyo, kwa maana mvuke hunaswa humo na joto hukosa pa kutokea. Heri kitundikwe juu ya ardhi, matundu yake yakitazama chini, chini ya kifuniko kilicho wazi upande wa chini. Waya nao uachwe uning'inie kabla ya kupanda, ili matone yadondoke pale chini yasifuate waya hadi kwenye soketi. Meno yaliyokuwa meusi yasisuguliwe tu, plagi ibadilishwe. Mwenye uwezo humwita fundi akamfungia kikinga cha kudumu ndani ya gari, mbali na mvua.

Hata hivyo, hakuna kikinga kiwezacho kuhimili radi ipigayo moja kwa moja. Kabla mawingu hayajakaribia, zima swichi ya nguzo, kisha chomoa waya. Ngurumo zikianza, usiiguse nguzo. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Septemba 28, 2022, kimbunga Ian kilipopiga kusini-magharibi ya Florida, bahari iliifunika Fort Myers Beach. Kikinga kilichozama katika maji ya namna ile hakianikwi juani kikarudishwa kazini; hutupwa.

Hata kwetu, mwenye jokofu huliwekea kikinga ukutani, akakisahau. Kinga nayo yataka kukingwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.